Pipa la Makambako

Siku tuliyomzika baba yangu, mume wangu alisimama mbele ya waombolezaji akakiri jambo alilokuwa amelikana miaka yote ya ndoa yetu. Alisema, "Ni kweli. Nilikimbia."

Watu wakacheka palepale makaburini. Mwinjilisti aliyekuwa akiongoza ibada alifungua kitabu cha nyimbo akajifunika nacho uso, lakini mabega yalimsaliti.

Habari yenyewe ilianza na macho ya mama. Nyumba za kwetu juu huku Njombe moto hauzimwi, maana baridi ya mwezi wa saba haina adabu, na moshi hutoka pale unapopaona panafaa. Mama alikuwa na macho mekundu tangu nilipopata akili. Baba alikuwa mwashi, mtu wa kazi kupita kiasi. Mama alikuwa akisema jogoo wetu humsubiri baba aamke kwanza ndipo awike.

Wakati huo, enzi za Mwingereza, baba alikwenda kujenga nyumba ya Mzungu mmoja kule bomani. Alirudi baada ya mwezi, akakaa karibu na moto, akayatazama macho ya mama.

"Mke wa yule Mzungu haumwi macho," alisema. "Unajua kwa nini? Moshi wao una mlango wake."

"Na wetu?"

"Wetu unatumia mlango wa wageni."

Akaanza kufyatua matofali. Asubuhi alilima, mchana alijenga nyumba za watu, jioni alijenga dohani yetu, njia ya matofali ya kutolea moshi juu ya paa, ya kwanza kijijini. Ilipokwisha, majirani walikuja kushuhudia. Baba aliwasha moto kwa heshima zote. Moshi ukapanda kidogo ndani ya dohani, ukafikiri, kisha ukarudi wote sebuleni. Tulitoka nje mbio na wageni wetu, mama akiwa wa mwisho, amebeba sufuria ya viazi.

"Bado mgeni," baba alisema huku akikohoa. "Haujajua njia."

Ulikataa kuijua njia kwa wiki tatu. Mwishowe baba aligundua kosa: dohani ilikuwa fupi, kilele chake kiko chini ya mgongo wa paa, upepo unaurudisha moshi ndani. Alitaka kitu cha kuirefusha ambacho hakitaunguza nyasi za paa. Akasikia kwamba Makambako, pale malori yanaposimama, kuna mapipa ya mafuta yaliyotupwa. Akapanda lori akaenda.

Pipa alilipata, limekatwa upande mmoja. Shida ilikuwa kurudi. Dereva alikuwa amejaza watu na magunia. Akamwambia baba, "Wewe panda, pipa libaki."

"Hapana," baba akajibu. "Msafiri ni pipa. Mimi nalisindikiza tu."

Dereva hakuwa mtu wa mizaha. Lori likaondoka, na baba akajitwika pipa akaanza kutembea kuja Njombe, safari ya siku mbili kwa mtu asiye na mzigo.

Siku ya pili mvua ikamkuta njiani, mvua ya kwetu, ile ya baridi inayopiga ubavuni. Baba hakusimama. Aliligeuza pipa akalivaa, likamfunika kuanzia kichwani hadi mapajani. Alikuwa haoni chochote ila nyayo zake na kipande cha barabara. Na kwa kuwa alikuwa peke yake na baridi ilikuwa kali, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Sauti ya baba ilikuwa nzito hata bila pipa.

Mbele yake, wafanyakazi wa barabara walikuwa wanazibua mtaro. Walisikia wimbo unatoka chini ya ardhi. Kisha wakaona pipa linakuja, lina miguu. Hawakuulizana. Baba alisikia majembe yakianguka na watu wakikanyaga matope. Mmoja wao aliteleza akaanguka karibu kabisa, na baba akaona miguu yake kabla haijainuka: kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimelala juu ya kidole jirani yake.

"Kamwene," baba akamsalimu kutoka ndani ya pipa.

Miguu ile ikaondoka bila kuitikia.

Pipa lilifika. Baba alilikata upande wa pili, akalipandisha juu ya dohani, akalizungushia udongo. Safari hii moshi ulipanda ukaenda zake. Mama alikaa karibu na moto kutwa nzima, akimgombeza baba kwa kukawia safarini, macho yake makavu.

Miaka ikapita, nikawa msichana wa kuolewa. Mchumba wangu alikuja nyumbani na mshenga wake. Alikuwa kijana mpole, amevaa kanzu safi, na viatu amevivua mlangoni kwa adabu. Mshenga akasema maneno mazuri mengi. Baba hakumsikiliza. Alikuwa anatazama chini.

"Kijana," akasema, "uliwahi kufanya kazi ya barabara?"

"Ndiyo, mzee."

"Uso wako siujui. Lakini mguu huu nilishausalimu, haukuitikia."

Mchumba wangu akasema huenda ni mguu wa mtu mwingine. Baba akasema sawa, vidole kama hivyo vipo vingi duniani, akaikubali posa. Kisha kwa miaka yote iliyofuata akawasimulia wanangu kisa hicho, baba yao akiwa palepale anakunywa uji, na kila mara alimalizia kwa kumgeukia: "Si wewe, mkwe wangu. Ni yule mwingine." Wajukuu walikuwa wakigaragara chini kwa kicheko. Mume wangu aliendelea kukana, mpaka siku ile ya mazishi.

Baba alikufa kwa homa ya mapafu, akiwa ameugua siku nne tu. Wiki moja baadaye mama mmoja mjane alikuja kutoka kijiji cha pili. Baba alikuwa amemwahidi kumjengea jiko, akajenga ukuta mmoja na nusu. Alikuja kutupa pole, hakudai kitu. Mume wangu akachukua mwiko na kamba ya baba akaenda kumalizia. Hakuwa mwashi. Ukuta wake uliinama kuelekea barabarani, kila mtu aliuona.

"Nikubomolee nianze tena, mama?" aliuliza.

Mjane aliutazama, akaupiga kofi taratibu kama mtu anayempima ng'ombe.

"Uache," akasema. "Umesimama."