Kukhu Alivyoliliwa Akiwa Mzima

Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, ndipo nilipotandika kitambaa cheupe juu ya ile meza, na kama mkono wangu ungekauka hapo hapo, leo nisingekuwa naandika haya nikiwa nimejifunika blanketi hadi masikioni. Naandika kwa sababu aibu yenyewe tayari ni ya mji mzima, na afadhali nyinyi marafiki zangu mpate habari kutoka kwangu kuliko kwa watu wa soko, ambao kila wakisimulia wanaongeza jeneza.

Maonyesho ya sanaa yalikuwa kwenye ukumbi ulio kando ya soko, watu wakitoka kununua viazi wanaingia kutazama picha, na mimi nilikuwa nimemchora Kukhu. (Kukhu ni nyanya yangu, mamake baba, na majirani humwita Mama Wesonga. Anaishi Musanda, anafuma vitambaa vya kochi, na huja Kakamega kuviuza na kulala kwetu.) Kumshawishi akae nimchore kulichukua likizo nzima.

"Picha ya mtu mzee peke yake, ametulia hivyo, mimi huwa naionanga wapi?" aliniuliza. "Kwa matanga."

"Kukhu, hii ni sanaa."

"Sawa, Nekesa. Lakini ukinifanya kama marehemu, hutanichora tena mpaka niwe marehemu kweli."

Nikaapa. Na mjue Kukhu hatanii na neno lake, kuna shangazi aliambiwa asiguse tena chungu chake mwaka ule mimi nazaliwa na mpaka leo hajakigusa. Basi nikamchora na kilemba chake cha kanisani, na mdomo nikaufunga, kwa sababu ana pengo kubwa mbele na sikutaka watu wa mjini wamcheke. Nilifikiri huo ndio upendo.

Ndani ya ukumbi kila mchoraji alitakiwa asimame kando ya kazi yake awaeleze wageni. Mimi kuongea na watu nisiowajua siwezi, natoka jasho mpaka kwenye nyusi, kwa hivyo nikamwomba Mwalimu Ayuma, anayetufundisha sanaa, anipe nafasi nje, pale mlangoni. Akanipa meza moja iliyomwagikiwa rangi ya buluu. Ilikuwa mbaya, ilitia huruma, nikaona Kukhu wangu hawezi kukaa juu ya kitu kama hicho, nikakimbia kwenye kibanda chake cha vitambaa huko nyuma ya ukumbi, na yeye akiwa anabishana bei na mteja nikachomoa kitambaa kimoja cheupe. Nilipanga nikishamaliza kupamba nimwite aone, maana picha yenyewe ikiwa imekamilika alikuwa hajaiona. Nikachuma maua kwenye ua, nikayatia kwenye mkebe. Nikaweka na kikapu cha njugu ili wageni watafune. Halafu nikakaa kando kwenye stuli, mikono mapajani, kichwa nimeinamisha nisikutane na macho ya mtu.

Sasa niwaulize nyinyi mliozaliwa hapa: meza mlangoni, kitambaa cheupe, maua, picha ya mama mzee aliyefunga mdomo, na msichana ameinama kando yake. Hiyo ni nini? Hata mimi ningejua, lakini nilikuwa nyuma ya meza, sikuwa mbele yake.

Mtu wa boda alisimamisha pikipiki, akavua helmeti, akasimama kimya. Mimi moyoni nikafurahi, kwa sababu Mwalimu Ayuma alikuwa ametuambia kwamba mtu anayeielewa picha haongei, anasimama tu mbele yake. Nikasema kumbe watu wa boda wanaelewa hivi. Akaja mzee mmoja, akatikisa kichwa, akaacha sarafu juu ya njugu bila kuonja hata moja. Nikaona hiyo ni heshima kubwa.

Kisha mama mmoja aliyevaa suti akanishika bega. "Alikuwa mgonjwa?"

"Magoti tu," nikasema.

"Woi. Haya magoti yanamaliza watu siku hizi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba Kukhu yuko nyuma ya ukumbi anauza vitambaa, lakini jasho likanifika kwenye nyusi, nikaishia kuzipanga upya njugu kikapuni. Akaniuliza, "Na utakaza moyo?" Nikasema ndiyo. (Msinicheke. Nyinyi mngesema nini?)

Nilikuwa nanyoosha mkono niondoe yale maua, wakati Mama Makokha alipotokea na beseni lake la viazi vitamu kichwani. Mama Makokha ni jirani wa Kukhu huko Musanda, na walikuwa hawasalimiani tangu kuku wa Kukhu waingie kwenye kunde zake, kwa hivyo hakujua kwamba Kukhu pia alikuja mjini. Akaitazama picha. Beseni likaanguka, viazi vikabingirika hadi barabarani, na yeye akapiga nduru ambayo nafikiri ilifika msitu wa Kakamega.

"Mama Wesonga ametuacha! Juzi nimemwona akifukuza ndama! Heri kuku wako wangemaliza kunde zote, mama, heri wangenila hata mimi, na sikukusalimia!"

Wanawake wa sokoni wakaacha mizigo yao wakaja. Wapo waliomjua Kukhu, na wapo ambao hawakumjua lakini kilio ni kilio. Wapigaji wa ngoma za isukuti walioletwa kuchangamsha maonyesho waliposikia hivyo wakatazamana, wakabadilisha mdundo ukawa ule wa kusindikiza maiti, tena kwa ustadi kabisa, maana hiyo ndiyo kazi wanayoijua zaidi. Mwalimu Ayuma akatoka mbio, akaniona katikati, akanikumbatia. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

Na Kukhu naye akasikia. Mnajua mtu wa kwetu akisikia kilio haulizi kwanza. Alifunga leso kiunoni, akaacha vitambaa, akaja mbio kwa hayo magoti yake, analia tayari, akapenya kwenye umati mpaka kwa Mama Makokha, wakashikana mabega wakayumba pamoja.

"Woi, ni nani huyu ametuacha?" Kukhu akauliza huku machozi yanamtoka.

"Jirani yangu," Mama Makokha akasema, macho amefumba. "Mama Wesonga wa vitambaa."

Kukhu akaacha kuyumba. Akaitazama meza, akakitazama kitambaa, akajitazama mwenyewe pale pichani.

"Huyu ni mimi," akasema.

Ngoma zikanyamaza moja moja. Mama Makokha akafumbua macho, akamshika Kukhu pua kwa vidole viwili, kama mtu anayepima nyanya za kununua, kisha akakaa chini kwenye viazi vyake.

"Usikae, Mama Makokha," Kukhu akamwambia. "Ulikuwa umefika kwa kunde. Umesema heri kuku wangu wangezimaliza, na watu wote wamesikia."

Umati ukaangua kicheko, Mama Makokha akacheka huku bado analia, wawili hao wakaokota viazi pamoja. Lakini mimi Kukhu alinitazama mara moja tu. Aliifunga picha ndani ya kile kitambaa, akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Jioni tulikula obusuma, ugali wetu, na mboga, akaomba chumvi kupitia kwa mama kana kwamba kiti changu hakina mtu. Nikajua neno limeshapita, kwamba sitamchora tena. Nililala nikiwa nimekumbatia penseli zangu kama mjinga.

Nimeapa sitatandika tena kitambaa cheupe chini ya picha ya mtu anayepumua, hata meza iwe na kinyesi cha kuku.

Jumapili asubuhi nilimkuta Kukhu ameketi kwenye veranda, amenawa uso, kichwa wazi, kilemba hana. Picha ilikuwa mapajani.

"Mdomo huu ni wa nani?" akauliza.

"Wako, Kukhu."

"Mimi mdomo wangu umewahi kufungwa lini? Ndiyo maana walinililia. Aliyefunga mdomo hivi amekufa siku nyingi." Akaigeuza picha, upande mweupe ukawa juu, akanipa. "Leta stuli yako."

"Na pengo, Kukhu?"

Akacheka, na lote likaonekana.

Nikachonga penseli, nikaanza na pengo.