Baraka ya Mwaka Mpya ya Bwana Turcotte

Nyumba ya wageni ya Ovila Turcotte, pale Quebec ya zamani, utaijua kwa lundo la viatu mlangoni. Hata angekuja waziri, theluji yake angeiacha nje. Ina vyumba sita, na ngazi zake zinalalamika kuliko wageni. Mgeni akiuliza pa kwenda jioni, mzee humtuma kwenye baa ya wapiga fidla na kumwonya asinyanyuke kabla wimbo haujaisha. Akiuliza pa kula, jibu ni moja.

"Nenda kwa Guylaine, chini ya mteremko. Beba mvinyo wako, kwake hauuzwi. Pai ya nyama ameiharibu, lakini nzuri kuliko hiyo hutaipata."

Guylaine ni bintiye wa kwanza. Mzee alimtaka arithi nyumba, yeye akafungua mkahawa, tena akatoa nguruwe kwenye pai ya marehemu mama yake akatia bata. Siku ya ufunguzi mzee alisimama mbele ya wateja akasema bora mkewe alikufa mapema. Ulimi hauna mfupa, ila siku hiyo ulivunja mfupa. Tangu hapo, majira matatu ya baridi, amempelekea binti yake nusu ya wageni wa mji, yeye mwenyewe hajakanyaga.

Kilichomla ni mwaka mpya. Kwetu Quebec, asubuhi hiyo mtoto wa kwanza humpigia baba magoti na kuomba baraka kwa niaba ya wote. Lazima aombe yeye. Baba hatembezi baraka mlango kwa mlango kama muuza samaki. Wavulana wake wawili humpigia simu kutoka Montreal, lakini simu haina magoti. Kila mwaka mzee huvaa tai, hukaa sebuleni mpaka adhuhuri, kisha huivua bila neno. Mwaka huu madaktari walikuwa wameshaupangia moyo wake tarehe ya kupasuliwa. Aliniambia mimi wa mapokezi, kwa sauti ya mtu anayeagiza sabuni: "Sitaki kulala kwenye kile kitanda chao kabla sijambariki."

"Basi mwambie, Bwana Turcotte."

"Baba haombi kuombwa."

Asubuhi ikafika, tai ikavaliwa, Guylaine hakuja. Wakashuka wageni wawili, mume na mke wazee, wana njaa. Majiko yote ya mtaa yalikuwa yamefungwa isipokuwa la Guylaine.

"Nitawasindikiza," mzee akasema. "Barafu inateleza."

Barafu ilikuwa imemwagiwa changarawe tangu alfajiri. Nikachukua chupa yao ya mvinyo, tukashuka.

Guylaine alitoka jikoni akifuta mikono, akamwona, akasimama. Kisha akatukalisha wote kama wateja. Alipoleta pai, mzee alikula kipande kizima pamoja na achari ya nyanya, polepole, huku binti amesimama kando yake.

"Chumvi haitoshi," akasema.

"Chumvi iko mezani, Baba."

"Nimeiona." Akaweka uma chini. "Yale niliyosema siku ile, mama yako angenipiga mwiko."

"Angekupiga na chungu."

Mke wa mgeni akajikuta anatazama sana mvinyo wake. Mzee akanyanyua mkono wa kulia, kiganja wazi, ukabaki hewani katikati ya meza. Nimezaliwa mji huu, na sijawahi kuona baba akitangulia kunyanyua mkono.

"Baba, mimi sijaomba."

"Najua. Fanya haraka, mkono unachoka."

Guylaine akaangalia sakafu, imelowa theluji ya viatu vya watu, viatu ambavyo yeye huwaachia wateja waingie navyo. Akatandika aproni yake, akapiga magoti juu yake.

"Baba, naomba utubariki. Mimi na wadogo zangu."

Mkono ukashuka kichwani pake. Maneno aliyosema sikuyasikia, alisema chini sana, na hayakuwa yangu.