Aliamkia, Akaficha Mkono

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, uwanja wa vumbi pale Igoma, mimi nikiwa nahodha na miguu hii ingali inanitii. Cheka tu. Vyama vingi vya siasa vilikuwa vimeingia juzijuzi, na kila mtu alikuwa na la kusema. Wa kusikiliza ndiye aliyekuwa haba.

Winga wetu aliitwa Masanja, rafiki yangu tangu tukichunga ng'ombe Kisesa. Wiki hiyo mgambo walikuwa wamevunja kibanda cha dagaa cha mama yake, kwa amri ya mkubwa mmoja wa mji. Na mgeni rasmi wa mechi yetu akawa mkubwa huyohuyo. Alipopita kutushika mikono, Masanja akaweka yake nyuma, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee. Kwa mkono utanisamehe. Kibanda cha mama mmekivunja."

"Marahaba," mgeni akaitikia, akapita.

Nikachemka! Mgeni alikuwa ametuahidi jezi, tena mimi ndiye niliyemwalika. Nikawaambia wenzangu tumtenge Masanja, kama wakosefu wanavyotengwa kwetu Usukumani: asipewe moto, asipewe salamu. Na uwanjani, asipewe mpira. Wakanitii. Dakika za mwisho alikuwa peke yake mbele ya goli, mkono juu, akiniita kwa jina langu la utotoni. Nilimwona vizuri kabisa. Nikapiga mwenyewe, mpira ukaishia kwenye mihogo ya watu. Tukafungwa.

Kocha wetu, Mzee Luhende, hakupiga kelele. Alikuwa akikunja nyavu.

"Masanja kampinga mkubwa, na bado kamwamkia. Mkubwa kaudhika, na bado kaitikia. Wewe umemnyima rafiki yako hata salamu. Sasa niambie, nani hana adabu hapa?"

Nilijua kosa langu palepale, lakini kiburi kikanikalisha nyumbani wiki tatu. Nilipokwenda Kisesa, mama yake akaniambia kijana ameshaondoka, kaenda machimboni huko Geita. Akanipa kiti, akanipakulia ugali na dagaa. Masanja sikumwona tena, na hadi leo, redioni wakitangaza winga yuko peke yake, naisikia sauti yake. Majuto ni mjukuu, na wangu nimemlea mpaka ameota mvi.

Jana nimekusikia ukiapa kwamba yule mwenzenu aliyegoma kuwapa mkono wageni hatacheza tena nanyi. Mwanangu, mpinge ukitaka. Mwambie amekosea, bishaneni mpaka koo likauke. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Lakini salamu yake iitikie, na akiwa na nafasi, mpe mpira.

Mungu akujalie marafiki wabishi, na akupe miguu ya kuwafuata kabla hawajaenda mbali. Haya, inuka. Kwao yule mwenzenu ni hapo Buzuruga tu, na bado yupo.