‘Mama Chaji’, fundi anayelinda pumzi za wagonjwa

Saa mbili asubuhi, katika chumba kidogo nyuma ya maabara ya hospitali, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba anachomoa mashine ya oksijeni ya kubebeka kwenye umeme, anaiwasha, kisha anavuta kigoda na kukaa. Taa ya kijani inasema betri imejaa. Yeye hashawishiki.

“Betri ina maneno mengi,” anasema. “Itwishe mzigo ndipo uijue.”

Ataiacha ifanye kazi mpaka izimike yenyewe. Ikikata mapema, betri anaing’oa na kuweka nyingine. Pampu za dripu nazo zinasubiri zamu kwenye rafu.

Wauguzi humwita Mama Chaji. Ufundi aliuonja kwanza kwa mjomba wake, mtengeneza redio, kabla ya kusomea vifaa tiba chuoni.

“Kwa mjomba redio ikizima, watu wanakosa mpira tu. Hapa ni habari nyingine.”

Habari hiyo ilimkuta msimu wa mvua uliopita. Mwalimu mstaafu, mgonjwa wa mapafu, alikuwa akihamishiwa hospitali kubwa. Maji yakafunika daraja, gari la wagonjwa likakwama kwenye foleni. Mtungi wa oksijeni ukaisha. Wakawasha mashine ya kubebeka, lakini soketi ya gari ikagoma kuichaji, na betri iliyoonyesha nusu ikaanza kuporomoka.

Muuguzi aliyekuwa garini akampigia Mama Chaji simu. “Dada, inashuka huku naiona!”

“Kama kuna shuka juu yake litoe, linaziba matundu ya hewa. Fifisha skrini. Kiwango cha oksijeni usikibadilishe bila daktari. Nakuja.”

Alifunga betri ya akiba kwa mifuko ya plastiki, akaipakata ndani ya koti na kudandia pikipiki. Dereva akamuuliza kama amebeba mtoto.

“Nikamwambia, huyu ukimwangusha hatalia, lakini tutalia sisi.”

Pikipiki iliposhindwa kupenya, alishuka akatembea, maji yakimfika magotini. Alipofungua mlango wa gari, mashine ilikuwa ikipiga kengele. Midomo ya mwalimu ilishaanza kubadilika rangi, na mkewe akimpepea kwa mtandio, akiita jina lake.

“Mara ya kwanza betri ikakataa kuingia. Nikavuta pumzi, nikairudisha. Ikaitika.”

Mwalimu alifika, akatibiwa, na sasa yuko nyumbani. Mkewe humpigia fundi huyo mara kwa mara: “Mwanangu, leo mzee amemaliza sahani.”

“Ananiripotia mpaka mboga,” anasema, akicheka.

Mpango wake sasa ni kufundisha muuguzi mmoja mmoja kutoka kila wodi kupima betri kabla mgonjwa hajapakiwa garini. Uongozi umekubali, na darasa la kwanza ni wiki ijayo. Wa kwanza kujiandikisha ni yule muuguzi wa siku ya mafuriko.

“Huyo atanitoa jasho kwa maswali,” anasema Mama Chaji. “Na ana haki. Mimi nilikuwa njiani. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika mkono wa mgonjwa.”