Ufagio wa Njia ya Tembo

Asubuhi ile mke wangu alikunywa chai amesimama, kama kawaida yake. Akanisema kwa kuacha ndala mlangoni, akachukua ufagio. Nikamwambia, "Mama watoto, pumzika leo."

"Nitapumzika wakipumzika tembo."

Jua halijawa kali, majirani wakamrudisha wamembeba. Moyo wake ulikuwa umesimama. Sitaki kukaa hapo sana. Ule ufagio sasa naushika mimi, na kazi yake ndiyo nataka kuieleza.

Mashamba yetu yako kati ya msitu na mto. Tembo wakishuka kunywa maji walipita humo humo, wanakula, tunapiga madebe, mara wao wanaumia, mara sisi. Watu wa hifadhi wakaja, tukakaa nao. Kila mkulima aache ukanda asilime, kanda ziungane, tembo wawe na njia yao mpaka mtoni. Wote tukakubali. Akakataa mdogo wangu, Bwana Seng'enge, na shamba lake ndilo la mwisho kabla ya mto. Alikuwa amelizungushia waya wa miiba lote, jina akalipatia hapo. Asipofungua, njia inaishia kwenye waya wake, na sisi tumeacha ardhi bure.

Mke wangu hakubishana naye. Alifagia. Anafagia ukanda mpaka vumbi linakuwa laini kama unga, kesho yake anasoma nyayo, kisha anafagia upya. Yeye ambaye hata barua alisomewa!

Mdogo wangu akawa anamcheka juu ya waya. "Shemeji, unawafagilia tembo sebule? Watandikie na mkeka basi!"

"Mkeka nitaazima kwako."

Akaendelea kufagia, akazunguka na ule waya wote. Asubuhi moja akamvuta mdogo wangu kwa shati. "Njoo usome."

Nyayo zilifika kwenye waya, zikageuka, zikaufuata pembeni pembeni mpaka nyuma kwenye nguzo iliyooza. Hapo zikaingia. Mahindi yalikuwa yamelala chini.

"Shemeji, waya wako hauwazuii. Unawaongoza."

Mdogo wangu akakuna kichwa. Akaenda kuchukua koleo. Tukakata waya kwenye njia, tukauhamishia kando ya mahindi yake. Tukabaki kungoja, roho juu.

Halafu ikaja asubuhi yenyewe! Nasikia makelele, natoka, mdogo wangu anakuja mbio, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Kaka! Wamepita! Wamepita!"

Tukakimbia wote, na magoti yangu haya. Nyayo zimenyooka mpaka mtoni. Mmoja mkubwa kama ungo; kando yake vinyayo kama vifuniko vya sufuria. Mtoto! Hindi hata moja halijavunjika. Watu wakajaa, vigelegele, mdogo wangu anacheza peke yake. Akaweka kofia kwenye ule wayo mkubwa, kofia ikaonekana humo ndogo kama kifuu. Akaleta karai akafunika kinyayo kimoja kisikanyagwe.

Mke wangu akainua ufagio. Mdogo wangu akamzuia, mikono ameitanua. "Shemeji, hizi usifagie! Ziache zikae!"

Alicheka mpaka akaegemea ufagio. Akamwambia, "Toa karai lako, shemeji. Tusipofagia leo, kesho tutajuaje kama wamerudi?"