Mkate Uliogeuzwa Kifudifudi

Mume wangu aligeuza kipande cha mkate, nami nikajua kwamba sikuwahi kumjua.

Usicheke. Nisikilize kwanza.

Naitwa Nives, mtu wa Torino. Mume wangu ni Fulvio, muuza miwani. Tangu uchumba aliniambia hana mtu duniani. Kazaliwa bara, kwenye mashamba ya mpunga ya Vercelli, na mama yake alikufa kabla hatujajuana. Bahari haipendi.

Nilimwamini. Kila Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, nilimwombea mama mkwe misa na kumwashia mshumaa. Fulvio husimama pembeni, kainamisha kichwa. Nikadhani ni majonzi.

Mwaka jana nilimbembeleza anitembeze vijiji vya pwani ya Liguria. Akakubali kwa shingo upande, ila vituo akapanga yeye. Camogli, tukaogelea. Sestri, tukala hadi tukashindwa kuinuka. Kijiji kimoja cha njiani alikiruka.

"Pale hakuna kitu, mke wangu. Mawe na paka tu."

Nikamuuliza kajuaje. Akasema watu husema.

Sasa, treni zetu na migomo ni ndugu. Asubuhi moja treni yetu ikasimama, tukaambiwa tushuke. Kituo chenyewe? Kilekile cha mawe na paka.

Fulvio alitaka tungoje kwenye benchi. Mimi njaa ilikuwa inaniuma. Tukaingia baa iliyokuwa karibu, akabaki na miwani ya jua humohumo ndani. Nikaagiza kahawa ya maziwa na fokacha, ule mkate bapa wa mafuta na chumvi.

Hapo ndipo alipojisahau.

Alimega kipande, akakigeuza kifudifudi ili chumvi iguse ulimi, akakichovya kwenye kahawa, akala. Bila kutazama. Kama mtu anayefunga kamba za viatu.

Sisi wa Torino hatuli hivyo. Chumvi ndani ya kahawa ya maziwa hututia kichefuchefu. Wanaokula hivyo ni watu wa pwani ile, waliofundishwa na mama zao kabla meno hayajatimia.

Mwenye baa, mzee mnene wanayemwita Baciccia, alikuwa anafuta glasi. Akaacha kufuta.

"Wewe si mtoto wa Manena?"

"Umenifananisha, bwana."

"Sura naweza kufananisha. Huo mkate je?"

Fulvio akasimama, akasema twende. Mimi nikabaki nimekaa. Huenda mzee kakosea, nikajiambia. Nikamuuliza taratibu huyo Manena alikuwa mtu gani.

"Alikuwa? Yuko hapo chini, anapanga dagaa kwenye chumvi."

Nikashuka. Fulvio nyuma yangu, akinisihi kwa sauti ya chini, mara nisimwaibishe, mara atanieleza tukifika nyumbani.

Mlangoni pa banda alikaa bibi mwenye pua ya Fulvio, mikono myeupe kwa chumvi, akipanga dagaa duara kwa duara ndani ya chungu. Alimtazama mwanawe bila kushangaa. Aliyemshangaza ni mimi.

"Leo harufu ya samaki haikukeri, bibie?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole, bila chuki. Kila Desemba Fulvio aliponiaga kwamba anakwenda Genova kikazi, alikuwa pale, anakula kwa mama. Na mama alipouliza kwa nini haji na mkewe, alijibiwa kwamba mkewe ameapa hatakaa meza moja na mchuuzi wa dagaa.

"Nikasema sawa," alisema. "Bora mwanangu apate amani nyumbani kwake."

Nikamgeukia Fulvio.

"Mimi namwombea mama yako kama maiti. Yeye ananiona nyoka. Na wewe umekaa katikati, unakula kote."

"Nilikuwa kijana, Nives. Nilianza kwa aibu, baadaye nikashindwa kurudi nyuma."

Manena akarudia kazi yake. Akasema, bila kuinua macho, kwamba hata vile vyungu vya dagaa alivyompa aniletee, bila shaka nilivitupa.

Vile vyungu.

Kila msimu wa baridi Fulvio alileta chungu cha dagaa nyumbani, akasema ni zawadi ya mteja. Nikawachemsha polepole kwenye mafuta na kitunguu saumu, kama tufanyavyo kwetu, nikaita hadi majirani.

"Sikutupa, mama. Niliwala wote."

Sasa akainua macho.

"Chumvi ulikuwa unawaosha kwa kitu gani?"

"Kwa divai. Maji huwaharibu."

Akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi.

Treni zilirudi mchana. Fulvio alipanda peke yake, sikumzuia. Kama tutarudiana, bado sijui. Sipendi kuhukumu haraka.

Ila nakuachia hili. Mtu anayeweza kumzika mama yake akiwa hai hatashindwa kukutia mdomoni maneno usiyoyasema. Usiishie kusikiliza anavyojieleza. Kaa naye mezani, umtazame anavyokula.

Novemba hii nilinunua mshumaa kwa mazoea. Nikafika nao kwa Manena, tukauwasha siku umeme ulipokatika.