Fundi Aliyehesabu Waya kwa Korosho

Jumanne asubuhi nilikuwa nawaandikia mambo mengine kabisa, simu ikaita kutoka Kilwa Masoko. Alikuwa binti wa fundi wangu wa redio. Alinisalimu vizuri, akauliza hali ya mgonjwa wangu, ndipo akasema, "Mama ametutoka juzi. Tumemzika jana." Nikampa pole, nikamwombea marehemu, na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani baada ya hapo kilikuwa amplifaya yangu iliyobaki kwake. Chozi halijatoka, mimi nawaza amplifaya. Naliandika hili mapema ili msije mkadhani mnayemsoma leo ni mtu mwema.

Kwa kweli hata si yangu, ni ya kaka yangu mkubwa. Ni ya zamani, yenye taa za kioo ndani ambazo mafundi huziita valvu, na uzito wake ni wa kubebwa na watu wawili. Kaka aliipigia gitaa kwenye bendi ya dansi pale Lindi mpaka bendi ikafa. Miaka miwili iliyopita kiharusi kikamwangusha, upande wa kulia ukalala na maneno yakamtoka, nikamleta kwangu Mchinga. Siku moja nikaiunganisha ile amplifaya na redio yenye kanda ya bendi yao, na mtu huyu ambaye hata jina langu halitamki akaanza kuufuata wimbo kwa sauti. Aliufuata vibaya, lakini aliufuata. Tangu hapo kila alasiri nilipata dakika kumi za kaka yangu wa zamani. Dawa nyingine sikuwa nayo.

Umeme wetu mnaujua. Ulikatika, ukarudi kwa kishindo, fyuzi ya amplifaya ikaungua. Nikaweka nyingine, nayo ikaungua. Ya tatu hivyo hivyo, na dukani zikawa zimekwisha. Kaka ameketi ananitazama. Basi nikafanya lile ambalo nusu ya wanaume wa pwani hii wameshawahi kulifanya: nikachukua karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaizungushia fyuzi iliyoungua, nikairudisha mahali pake. Ikawaka. Ikaimba nusu wimbo, halafu moshi ukatoka nyuma.

Nikaipeleka Kilwa kwa huyo mama. Alikuwa mjane, kazi aliirithi kwa mumewe, na wako waliopita barazani kwake wakiulizia fundi yuko wapi huku wanamtazama usoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia imezima yenyewe. Hakubisha. Aliifungua, akaichomoa ile fyuzi kwa ncha za vidole, akaninyooshea.

"Na sigara nayo imevuta yenyewe, mwanangu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akaendelea na kazi. Alizichomoa valvu zote moja moja, akazipanga juu ya kanga, kisha akaipitishia amplifaya umeme kupitia balbu moja kubwa. Alinieleza kwamba balbu ikiwaka kwa unyonge kuna matumaini, na ikiwaka kwa nguvu zake zote, basi humo ndani umeme unapita pasipopaswa. Iliwaka mpaka nikafumba macho.

"Transfoma imeungua," alisema. "Kibovu cha kwanza kilikuwa kapasita tu, kidude cha kukaa kiganjani. Fyuzi imekwambia mara tatu, wewe ukaiziba mdomo."

Nikamweleza habari za kaka, zote. Akasema, "Iache. Nitaisuka upya, ila usinipigie simu kila siku."

Kuisuka upya maana yake ni kuufungua waya wote ulioungua, mwembamba kama unywele, na kuhesabu ni mizunguko mingapi, ili urudishe waya mpya kwa idadi ile ile. Mama yule alihesabu kwa tasbihi. Tasbihi ikimaliza duara, anatupia korosho moja mbichi kwenye bakuli. Karatasi hakutaka, alisema ukishika kalamu mkono unapotea njia. Siku hizi ukipeleka kitu kwa fundi anakitazama kwa mbali, anakwambia kanunue kipya. Huyu aliketi na kosa langu kwa wiki tatu bila kunisema tena.

Nilipofika msibani, binti yake alinipeleka chumbani. Transfoma ilikuwa imeshavuliwa waya wote. Nikauliza bakuli la korosho liko wapi.

"Zile? Tulikuwa tunatoa vitu wageni wapate pa kukaa," alisema. "Nilizimwaga guniani na nyingine. Zilikuwa na kazi?"

Ningemjibu nini, na mama yake hana hata wiki ardhini? Nikamwambia hapana, hazikuwa na kazi. Nikarudi na amplifaya. Fundi mmoja wa Lindi ameitazama, akacheka, akaniambia bila ile idadi ya mizunguko haisukiki tena, niweke vyungu vya maua juu yake.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa na sioni pa kulishikia. Mtu ameondoka na hesabu yake, nami nilikuwa na fyuzi tatu za kunionya. Tunafanya hivyo hivyo na watu pia: mzee akilalamika kifua tunampa chai ya tangawizi, mfanyakazi akisema ukweli tunamhamisha. Kitu kikikukatalia mara ya pili, ndugu msomaji, keti chini uulize kinakataa nini. Mimi sikuuliza, na aliyelipia ni kaka yangu, mtu asiyeweza hata kunilaumu.

Nilipofika nyumbani niliirudisha amplifaya mahali pake, kwa kuwa sikuwa na moyo wa kuificha. Nikamwambia, "Kaka, niliiunguza mimi. Na fundi amefariki." Akaunyoosha mkono wake mzima, ule wa kushoto, akabonyeza swichi, akauweka mkono mapajani na kutulia, maana valvu huchukua dakika nzima kupata moto, na hilo yeye analijua kuliko mimi. Nikaketi kando yake, nikasubiri naye.